Nimesoma vitabu vya kujipenda mpaka nimechoka na bado najiona sifai, nifanyeje?

Swali (nimelifupisha kidogo): "Shikamoo dada. Nina miaka 26, nipo Morogoro, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu niachane na mchumba wangu mwaka jana nasoma sana vitabu vya kujipenda na kujiendeleza, vingi ni PDF tunarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikisoma napata nguvu siku mbili tatu, baada ya hapo narudi kulekule kujiona sifai. Kila asubuhi najitamkia mbele ya kioo 'mimi ni malkia, nastahili mazuri' ila saa nyingine naishia kulia. Juzi hesabu ya duka ilipungua elfu nane bosi akanifokea mbele ya wateja, usiku nikafungua kitabu nikasoma sura mbili sikuelewa kitu. Mama anasema hivi vitabu vimenifanya mbinafsi. Tatizo ni mimi au ni vitabu? Na kuna kocha anataka nilipie elfu sitini ya programu yake, nilipe?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yote. Nianze na hilo la tatizo ni nani maana naona ndo limekukaa rohoni. Si wewe. Na vitabu navyo siwezi kuvibebesha lawama zote, japo vingine ni kava tu humo ndani hamna kitu. Shida ipo kwenye unavyovisoma. Unavisoma kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri, unaguswa, unaitikia amina, machozi yanakutoka, ukitoka nje unakuta bosi ni yuleyule, mama ni yuleyule na yale maneno kichwani mwako ni yaleyale, basi unatafuta mahubiri mengine. Ndo maana simu imejaa PDF na nikikuuliza hata moja tu imekubadilishia nini kwenye siku yako utabaki unaniangalia.

Sisemi kusoma hakusaidii. Kunasaidia, na limepimwa. Kuna daktari wa akili wa Marekani anaitwa David Burns, mwaka 1980 alitoa kitabu kinaitwa Feeling Good, akaeleza kwa lugha ya mtu wa kawaida ile njia ya tiba ya kuyachunguza mawazo yako ambayo daktari mwenzake Aaron Beck alikuwa anatumia kwa wagonjwa wa sonona, yani ile huzuni nzito isiyoisha. Baadaye watafiti wakawapa hicho kitabu watu wenye sonona isiyo kali sana, wakakisome nyumbani kama mwezi hivi, na wengi wakapata nafuu kuliko wenzao waliokuwa bado kwenye foleni ya kusubiri. Uingereza saivi kuna mpango, ulianza 2013, daktari anaweza kukuelekeza kitabu ukaenda kukiazima maktaba kama sehemu ya matibabu. Kwaiyo si maneno ya vijiweni. Ila angalia hao watu walivyosoma bana. Kitabu kimoja, chenye mazoezi ya kuandika, na walikuwa wanapigiwa simu fupi kuulizwa wamefika wapi. Wewe unasoma kumi na ngapi sijui kwa mpigo, saa sita usiku, umechoka, unalia, na chaji imebaki asilimia nne.

Sasa hilo la kioo, hapa nitakaa kidogo maana najua wengi wanalifanya na wanaona haya kusema haliwasaidii.

Mwaka 2009 mwanasaikolojia mmoja wa Canada, Joanne Wood, na wenzake walilipima hili. Waliwaambia watu kila kengele ikilia wajisemee kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale ambao tangu mwanzo walikuwa wanajikubali walisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanajiona hawafai, yani haohao ambao ndo wanauziwa hizi kauli, walisikia vibaya kuliko wenzao wasiojikubali ambao hawakuambiwa waseme kitu. Na ukifikiria inaeleweka, maana ukijiambia kitu ambacho mwenyewe hukiamini akili yako hainyamazi, inaanza kuleta ushahidi wa kupinga. Wewe unasema malkia, yenyewe inakujibu malkia gani kaachwa, malkia gani anafokewa kwa elfu nane. Unamaliza kujitamkia ukiwa umeshakumbushwa mabaya yako yote na hata mswaki hujapiga. Alafu unajilaumu tena kwamba hata kujipenda kumekushinda! Hapana mdogo wangu, hiyo dawa haikuwa ya ugonjwa wako.

Kioo kipumzishe kwanza. Kama unapenda kujisemea asubuhi jisemee kitu ambacho hata adui yako hawezi kukibishia. "Jana nimefokewa, leo nimeamka naenda kazini." "Bei za nondo zote nazijua kichwani bila kuangalia karatasi." Hayo mi nayabahatisha tu, ya kwako unayajua wewe, sharti lake ni moja tu, yawe kweli.

Tuje kwenye hiyo elfu nane yenyewe maana humo ndo kuna kazi. Chukua daftari la kawaida la shule, piga mistari upate safu tatu. Hii ni ya Burns, sijaitunga mimi. Safu ya kwanza andika kilichokupita kichwani bosi alipokuwa anafoka, neno kwa neno, bila kukipamba. Nikikisia ni kitu kama "mimi mjinga, hakuna ninachoweza, ndo maana hata yule kaniacha." Safu ya pili andika hilo wazo limepindia wapi. Hapa limepinda mara mbili, kwanza limechukua kosa la siku moja likalifanya ndo wewe mzima, alafu likaruka kutoka droo ya hela mpaka kwa mchumba, mambo mawili yasiyojuana kabisa. Safu ya tatu unaandika jibu, na jibu liwe la mtu mwenye akili zake anayeangalia tukio lilivyokuwa: "Hesabu imepungua elfu nane. Siku ile kulikuwa na wateja wengi wa misumari na rangi kwa wakati mmoja, inawezekana nilizidisha chenji au kuna kitu kilitoka hakikuandikwa. Kuanzia kesho nahesabu droo mchana na jioni, sisubiri kufunga. Kufokewa mbele ya watu kumeniuma na angeweza kuniita pembeni."

Soma tena hiyo safu ya tatu. Haikusifii popote. Kosa imelikubali, maumivu imeyakubali, na imekuachia kitu cha kufanya kesho asubuhi. Mimi mtu akiniambia siku hizi anajipenda huwa namuuliza swali moja tu, siku uliyoharibu ulijisemesha vipi? Siku umevaa umependeza na mshahara umeingia kila mtu anajipenda.

Kuna mwanasaikolojia mwingine, Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, tangu 2003 anaandika kuhusu kujihurumia, na zoezi lake maarufu ni jepesi mpaka watu wanalidharau. Anasema jiulize rafiki yako angekujia na shida hiihii ungemwambia nini. Yule binti wa duka la jirani akija analia hesabu imepungua elfu nane, utamwambia we mjinga ndo maana uliachwa? Utamvutia kiti, utamwambia kaa kwanza unywe maji, tuhesabu tena. Yale maneno uliyomwambia yeye yaandike, weka jina lako juu, ujisomee. Mara ya kwanza utajisikia mpuuzi, kila mtu anajisikia hivo, we andika tu.

Na najua unachowaza, kwamba nikijihurumia ntabweteka. Hili nalisikia sana kwa watu waliolelewa kwa fimbo na masimango, wanaamini wakiacha kujisimanga watakuwa wavivu. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati makusudi wafeli. Kundi moja wakaambiwa wasijihukumu sana, mtihani ni mgumu na wengi wanafeli. Alafu wote wakapewa muda wajisomee kabla ya mtihani wa pili. Lile kundi lililoambiwa lijihurumie ndo lililokaa kusoma muda mrefu zaidi. Ukifikiria ni haki kabisa, mtu aliyejitukana mpaka amechoka atapata wapi hamu ya kufungua daftari?

Haya, mama. Mama usimwone mshamba, ana hoja. Vitabu vingi vya kujipenda vimeandikwa na watu wa Marekani kwa ajili ya watu wa Marekani, mtu ana nyumba yake, mshahara wake, ndugu anawaona sikukuu kwa sikukuu. Huyo akiambiwa "kata mtu yeyote anayekurudisha nyuma" anaweza kufuta namba na maisha yakaendelea. Wewe utamkata nani? Mdogo wako mnayelala chumba kimoja? Shangazi aliyekulipia ada ya form four? Nimeona watu wanaibeba hiyo sentensi kama ilivyo, wanaacha kupokea simu za nyumbani, wanaweka status "nimejichagua mimi", alafu bibi akilazwa wanarudi kijijini hawajui waanzie wapi kusalimia watu.

Hicho kitu vitabu vinaita mipaka kipo na unakihitaji, ila kwetu kinafanywa kwa namna nyingine. Chukua mfano wa mizinga. Mshahara haujakaa hata siku mbili kaka anataka ya vocha, mama mdogo anataka ya mbolea, na wewe kusema hapana huwezi, ukisema ndio unalala na njaa na unawachukia wote. Usizime simu. Amua mapema, kabla ya tarehe ya mshahara, mwezi huu nyumbani nina shilingi ngapi. Tuseme elfu thelathini. Kisha unawaambia wewe kabla hawajakuomba: "Mama shikamoo, mwezi huu nina elfu thelathini, naituma tarehe mbili, mtaangalia wenyewe mgawane vipi, zaidi ya hapo mwezi huu sina." Kaka akipiga unamwambia nimeshatuma kwa mama. Atanuna. Mwache anune, wiki ijayo mtaongea. Heshima imebaki, msaada umetoa, na wewe umebaki na hela ya kula. Mama akiona hivyo nadhani neno ubinafsi ataacha kulitumia, na asipoacha basi angalau hela ya unga alishaipata.

Na pia nasaha za maisha hazikuletwa na PDF jamani. Samuel Smiles, yule Mskoti ambaye kitabu chake Self-Help ndo kilikuja kuzipa jina hizi shughuli zote, alikitoa London mwaka 1859. Mwaka mmoja kabla yake, 1858, mshairi Mwana Kupona wa Pate akiwa mgonjwa alishamtungia binti yake utendi mzima wa namna ya kuishi na watu. Mengi ya humo hasa ya kumhudumia mume siwezi kukwambia uyabebe leo, ila ona tofauti, anamwandikia mtu mmoja anayemjua, si umati.

Ungeniomba kitabu kimoja cha kukupa mkononi mwezi huu nisingekupa hata chenye neno kujipenda kwenye kava. Ningekupa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye familia maskini ya wafinyanzi, akaja mjini akiwa muuza vyungu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri za Kiswahili. Alipoanza kuvuma wenye wivu wakamtungia wimbo, kwamba huyu kawa mtu lini, kaja mjini amevaa kaniki, nguo ya kimaskini, bila sauti angekula nini. Yeye akajibu kwa wimbo. Umeona alichojibu? Hakusema mimi mzuri jamani. Kaniki hakuikana. Alisema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hiyo ni safu ya tatu kabisa, kaandika yake mbele ya mji mzima. Alafu ni Kiswahili, utakielewa hata ukiwa umechoka, maana hizi PDF nyingi ni Kiingereza kigumu au zimetafsiriwa na mashine, mtu anasoma ukurasa mara nne haelewi kisha anajiongezea dhambi nyingine kwamba hata kusoma hawezi. Duka la vitabu likikosa, ulizia maktaba ya mkoa.

Kuhusu kusoma kwenyewe. PDF zote zihamishie kwenye folda moja usizifungue. Bakiza kimoja. Soma kurasa chache, tano sita, mchana wakati wateja wametulia, sio usiku. Ukimaliza funga, na bila kuchungulia andika umekumbuka nini. Hii ya kuandika bila kuchungulia si mbwembwe, watafiti Roediger na Karpicke walilipima kwa wanafunzi mwaka 2006, waliorudia kusoma walijiona wanajua sana, ila baada ya wiki waliojilazimisha kukumbuka ndo walikuwa na vitu kichwani. Kisha chagua kitu kimoja kwenye ulichoandika na ukipangie saa na mahali. "Nitakuwa nahesabu droo kila saa saba nikimaliza kula." Ukiandika "nitajiamini zaidi" huo si mpango, hiyo utaipangia saa ngapi?

Na zile chalenji za siku 21 zisikutishe. Hiyo namba ilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 hivi, kwa uchache, kuzoea sura mpya. Ule "uchache" ukapotelea njiani, ikabaki siku 21 umebadilika. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, matokeo yakatoka 2010, wastani ulikuwa siku 66, na kutofautiana kulikuwa kukubwa, kuanzia siku 18 mpaka 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwaiyo siku mbili tatu ulizosema zinaisha nguvu wala si kushindwa, ndo kwanza ulikuwa unaanza.

Kuna kitu hukukiandika vizuri ila nimekihisi. Umesema unalia saa nyingine, unasoma usiku, huelewi unachosoma. Naomba ujiulize kwa ukweli: katika wiki mbili hizi, siku nyingi umekuwa na huzuni au umekosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Usingizi na chakula vimeharibika? Umewahi kuwaza ni bora usingekuwepo? Kama la mwisho jibu ni ndio, hata mara moja, acha daftari, acha kitabu, leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini na akusindikize hospitali. Kama ni hayo mengine na yamekaa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali ya mkoa ulizia huduma ya afya ya akili. Watu wakisikia afya ya akili mawazo yanaenda Mirembe, wanaogopa kuonekana, ila wanaofika pale kwenye kliniki za mikoani wengi ni watu kama wewe, wana kazi zao, wanakuja na bodaboda na kurudi. Kitabu unaweza kuendelea nacho sambamba na matibabu, hakuna ubaya.

Mwisho huyo kocha. Simjui, kwaiyo simsemi. Muulize vitu viwili kabla hujatuma hata mia: amesomea nini na wapi, na kwa hiyo elfu sitini mtakaa wewe na yeye mara ngapi, muda gani. Mshauri aliyesoma hawezi kukasirika kwa maswali hayo, tunaulizwa kila siku. Akikujibu kwa voice note ndefu ya kukupandisha mzuka, kwamba nafasi zimebaki tatu na ofa inaisha usiku wa leo, hela yako iache ikae kwenye simu.